Dawa Niliyosema Nimeacha

Nilipougua, kitu cha kwanza kunitoka kilikuwa shikamoo. Watoto wa jirani zetu pale Mikumi, waliokuwa wakiniamkia kila asubuhi, walianza kuvuka upande wa pili wa barabara wakiniona. Nilikuwa nasikia sauti, natembea pekupeku kwenye lami, na watu waliniita "yule". Nilipopata nafuu, shikamoo zilirudi polepole. Kila aliyeniamkia tena nilimwandika kwenye daftari.

Miaka kadhaa baadaye, muuguzi wa kliniki aliniomba nizungumze na wagonjwa wenzangu Kilosa. Kikundi kilikutana kijijini Chanzuru, kwenye ukumbi wa kanisa. Kila mtu alikuja na mahindi yake, tukakaa kwenye mkeka tukipukuchua. Mikono ikiwa na kazi, mtu anaweza kusema mambo mazito bila kuangaliwa usoni.

Siku ya kwanza walikuja pia wanakwaya na mwenyekiti wa kijiji. Nilieleza kwa mpangilio: sauti, kamba waliyonifunga ndugu zangu, siku niliyorudi kazini, kufundisha. Mzee mmoja akauliza, "Na dawa, mwalimu? Bado unakunywa?"

Nilimwangalia mwenyekiti. Nilifikiria shikamoo zangu.

"Hapana," nikajibu. "Hiyo ilikuwa zamani."

Vidonge vilikuwa mfukoni mwa shati. Kimoja nilikuwa nimekimeza nusu saa kabla, nyuma ya choo cha kanisa. Watu walipiga makofi. Mama mmoja anayekaanga vitumbua kule Mabwerebwere aliacha kupukuchua, akanitazama kwa muda mrefu. Jioni niliandika: "Mama wa vitumbua amefurahi sana."

Mikutano miwili iliyofuata hakuja. Wa tatu alikuja mume wake, akanivuta pembeni.

"Mwalimu, mke wangu alitupa vidonge chooni. Alisema, kama wewe umeacha, yeye anavinywa vya nini."

"Yuko wapi sasa?"

"Wodini. Alimwaga karai la mafuta ya moto barabarani. Bahati hayakumpata mtu."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeniletea taarifa niliyostahili kuipata. Afadhali angenitukana.

Nilikwenda hospitali siku ile ile. Njiani, juu ya bodaboda, nilipanga la kusema: kwanza hili, kisha lile. Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nikasema, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Nilisimama, nikasema tena. Maneno yote niliyoyapanga nilirudi nayo Mikumi.

Mkutano uliofuata sikungoja kuulizwa. Nilitoa vidonge mfukoni, nikavionyesha, nikasema nilidanganya, kwamba huwa navimeza nyuma ya choo, na mtu ameumia kwa sababu yangu. Kisha nikaomba maji, nikameza pale pale.

Halafu yule mzee akasema, "Kumbe nyuma ya choo ndiko ulikokuwa unakwenda kumeza dawa? Sisi tulijua tumbo linakusumbua, tukakuonea huruma."

Walicheka, nami nikacheka kidogo, nikiona aibu kwamba nimesamehewa mapema hivyo na watu ambao si wao niliowakosea. Kesho yake mtoto wa jirani alinipita bila kuniamkia. Labda hakuniona. Sikumwandika.

Mama wa vitumbua alirudi baada ya mavuno. Alikuwa amekonda. Alikaa mwisho wa mkeka na ndoo yake ya mahindi. Niliinuka, nikaenda kuchuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Aliendelea kupukuchua.

"Leo umekunywa?" akauliza.

"Nimekunywa."

"Nyuma ya choo?"

"Hapa, mbele ya watu. Ulikuwa hujafika."

Alimaliza hindi zima mpaka likabaki gunzi, akaliweka chini, akachukua jingine.

"Marahaba," akasema, bila kuniangalia.