Mama Mkwe na Basi la Sharpstown

Mama mkwe wangu alikuja Houston kutoka Tanga mwaka 2018 kunisaidia kulea mtoto wetu wa kwanza. Siku za mwanzo alishinda dirishani akitazama maegesho ya magari kama mtu aliyewekwa rumande. Nyumba zetu pale Sharpstown zimejengwa kuyazunguka maegesho hayo, na asiye na gari humsubiri mwenye gari. Mume wangu aliendesha lori la mizigo. Mimi nilikuwa msaidizi wa wauguzi hospitalini, na udereva ulinishinda.

"Mama, ukitaka kwenda popote niambie tu, nita-drive nikirudi jioni," mume wangu alimwambia.

"Jioni sokoni kuna nini, mwanangu? Mabaki."

Asubuhi moja alinyoosha kidole nje. "Hilo basi linalopita hapo halichukui watu?"

"Linachukua, mama. Ndilo ninalokwenda nalo kazini."

"Sasa mlikuwa mnanificha nini?"

Tangu siku hiyo hakushikika. Alimfunga mjukuu mgongoni kwa kanga, akaenda. Basi lile lilipita barabara yetu ya ndani, likazunguka kwenye zahanati, likapita duka la vyakula vya kwetu, likakaribia msikiti ambako wanawake walikuwa na darasa. Alipata na mwenzake, jirani yetu mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Huyo akiliona basi likikata kona humwita toka chini ya ghorofa yetu, "Mama, bisi iko nakuya!" Mama mkwe alikuwa akicheka Kiswahili hicho mpaka naye kikamwingia. Ikafika siku nikamsikia ananiambia mimi, "Haya, bisi iko nakuya, utachelewa."

Kwangu mimi basi hilohilo lilikuwa mateso. Lilizunguka vichochoro vyote kabla ya kutokea barabara kuu, na mara nyingi nilifika huko nikaliona basi la pili, la kunipeleka hospitalini, linaondoka. Nilikuwa nikiingia kazini mbio, nikibadili nguo huku nikihema.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata tuliona tangazo kituoni. Waliopanga njia za mabasi walitaka kuliondoa letu barabara ya ndani, lipite barabara kuu moja kwa moja, na lije mara nyingi zaidi. Wananchi waliitwa kutoa maoni katika ukumbi wa shule.

"Utanipeleka, nawe utanitafsiria," mama mkwe alisema. Hakuuliza mimi nauunga mkono upande gani.

Ukumbi ulijaa kuliko nilivyotazamia. Mama mmoja mpangaji wa njia za mabasi, mtu mzima mwenye miwani, alituonyesha ramani ukutani. Mpishi wa hoteli alisimama akasema amechoka kungoja basi, wanyooshe njia hata kesho. Watu wakampigia makofi, na mikono yangu nayo ilitaka kupiga. Kisha ikaja zamu yetu.

"Waambie," mama mkwe alianza, "mimi goti langu bovu. Kutoka kwangu hadi barabara kuu hakuna njia ya miguu, hakuna mti, jua kama la kukaangia. Waambie nina mjukuu mgongoni. Waambie kama hawaamini waje kwangu, nitawapikia, halafu watembee."

Nilitafsiri yote ila mwaliko.

"Mbona yangu marefu na yako mafupi?" aliniuliza, kwa sauti. "Umewaambia waje kula?"

Ikabidi niwaambie. Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mwenye miwani akashukuru, halafu akanigeukia mimi. "Na wewe binafsi, maoni yako ni yapi?"

Nikasema ukweli kwa Kiingereza: kwamba ninalipanda basi hilo kila siku ya kazi, na ningependa linyooshwe. Nikakaa.

"Umesema nini?" mama mkwe aliuliza.

"Nimesema linyooshwe, mama."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Mkwe wangu! Mbele za watu! Angalau hukuniongopea."

Hatukutegemea kwamba yule mpangaji angekuja, lakini alikuja, Jumamosi, kwa basi, jasho likimtiririka. Kwanza mama mkwe alimtembeza hadi barabara kuu na kurudi, polepole kwa sababu ya goti. Ndipo akamkalisha mkekani akampakulia wali wa nazi na mchuzi wa samaki.

Mgeni alikula vizuri, kisha akaeleza shida yake nami nikatafsiri, safari hii bila kupunguza. Mabasi ni yaleyale, hayaongezeki. Yakizunguka kila mtaa, kila mmoja analipata mlangoni lakini kwa nadra. Yakinyooka yanakuja upesi, lakini wengine wanabaki mbali.

"Ni shuka fupi," mama mkwe alisema. "Ukifunika kichwa, miguu iko nje."

"Ndiyo kabisa," mgeni alisema nilipomtafsiria.

"Basi si mnunue shuka kubwa?"

Mgeni aliweka kijiko chini. Alisema hilo huamuliwa kwa kura, na wapiga kura wengi wa mji huu wana magari. Mama mkwe akageuka polepole kumtazama mume wangu, ambaye ndiye pekee kati yetu aliyekuwa raia. Mume wangu akazidi kuuchambua mwiba wa samaki wake.

Shule zilipofunguliwa, mabadiliko yalianza. Basi kubwa lilinyooshwa, na barabara yetu ya ndani ikapewa basi dogo la siku za kazi, mchana tu. Mama mkwe alilalamika kwamba ni kama kikopo, lakini akawa analipanda kila siku ya kazi. Mimi nilifika hospitalini siku ya kwanza mapema mno, nikakaa kantini na kikombe cha chai, nikainywa yote ikiwa bado moto.

Mwisho wa mwaka huo kulikuwa na kura, na suala la kuongezea mabasi fedha lilikuwamo. Mume wangu alirudi nyumbani na kikaratasi cha kunata kifuani, kile wanachopewa waliopiga kura.

"Umenipigia nini?" mama yake aliuliza.

"Mabasi, mama. Nimesema ndiyo."

"Nawe hupandi."

"Sipandi."

Alimkalisha, akampakulia kama mgeni. Mwanawe alipokuwa anakula, akakibandua kile kikaratasi shatini mwake taratibu, akakibandika kwenye mtandio wake, na kesho yake akaenda nacho darasani.