Maji ya Fundi

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa mikono isiyotulia. Maji ya mtaani yalipoanza kukatika ovyo, alipanga mapipa matatu nyuma ya nyumba, kila moja chini kidogo ya lenzake: la kwanza kokoto, la pili mchanga, la tatu mkaa. Maji ya kufulia na kuogea yaliingia meusi, yakatoka hayana hata harufu, na mpira wenye matundu ukayafikisha kwenye mizizi ya nyanya na biringanya. Majirani walimcheka wee, mpaka bustani zao zilipokauka na ya kwake ikashamiri. Wakaanza kuja na vikapu kununua.

Kisha mguu wake ukaota kidonda kisichosikia dawa. Kikamla, kikamlaza kitandani. Mkewe akawa hana kazi ila kufua mashuka yenye usaha.

Siku moja wifi yake, aliyekuja kumjulia hali kaka yake, alimvuta pembeni.

"Wifi, nisamehe. Maji ya kidonda ndiyo unayotulisha?"

"Yanachujwa. Na yanaishia kwenye mizizi tu."

"Mimi naelewa. Je, wao? Mtaa mzima unanong'ona."

Tangu hapo mke wa fundi aliyabeba maji ya mashuka kwa ndoo na kuyamwaga shimoni nyuma ya choo.

Kitanda cha mgonjwa kilikuwa chini ya dirisha. Alizoea kusikia maji yakidondoka kutoka pipa hadi pipa.

"Mke wangu, mapipa yameziba?"

"Hayajaziba."

"Mbona sisikii kitu?"

Mkewe akaanza kunyoosha shuka miguuni pake.

"Maji yangu unayamwaga," mumewe alisema.

"Watu hawanunui tena, fundi wangu."

"Sikuulizi habari za watu. Wewe je, unanionea kinyaa?"

Mkewe akainama. Siku hizi hata akimpokea kikombe tu, hukimbilia sabuni na kujisugua hadi viwiko. Alidhani mumewe haoni.

Kesho yake aliyarudisha maji ya mashuka kwenye pipa, akiyamimina polepole ili yasikike. Hata wateja wachache waliobaki wakakatika. Nyanya ziliiva, zikaanguka, zikaozea chini. Jioni moja aliokota moja nzima, akaiosha, akaketi ukingoni mwa kitanda na kuila. Mumewe alimkodolea macho kooni mpaka alipomeza.

"Tamu?"

"Tamu."

Ulimi wake haukuonja kitu. Mgonjwa akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Alikufa kabla ya mvua. Siku ya mazishi wifi mtu ndiye aliyeshika jiko. Alirudi kutoka sokoni na kapu la nyanya, akakatiza katikati ya bustani ameinua gauni lisiguse majani. Mjane alimwona. Akampokea kapu, akachukua kisu, akaketi na wanawake wengine kuzikatakata.