Maswali ya Ijumaa Alasiri

Mama Tochi hakulipenda jina hilo, ila lilimganda tangu alipofungua chumba chake cha macho juu ya duka la viatu. Ukiketi tu, salamu haijaisha, kimwanga chake kimeshakuingia jichoni. Alijisifia msemo wake: macho kwanza, karatasi baadaye. Ndiyo maana maswali ya wauza lenzi aliyasoma Jumatatu, yote kwa mkupuo, kama mtu anayekunywa dawa chungu.

Sheria ilikuwa wazi. Lenzi ya kuvaa ndani ya jicho, hata ya urembo, haiuzwi bila cheti cha daktari. Muuzaji amwulize daktari kama cheti ni sahihi; daktari asipojibu hadi kesho yake jioni, ahesabiwe amekubali. Jumamosi nayo ilikuwa siku ya kazi, lakini Jumamosi Mama Tochi alikuwa hospitali, akiwatoa wazee mtoto wa jicho. Mwenye duka la vipodozi ng'ambo ya barabara, waliyemwita Bwana Kope, alilijua hilo kama anavyojua mfuko wake. Maswali yake yaliingia Ijumaa alasiri.

Jumatatu moja akaingia fundi cherehani, yule mama aliyemshonea makoti yake meupe, amemshika mkono binti yake. Jicho la kulia lilikuwa limevimba, jekundu, na katikati yake doa jeupe kama punje ya mchele.

"Ulilala na lenzi?"

"Siku nne, Daktari. Kaka wa duka la vipodozi alisema hazina neno."

"Na cheti?"

"Kile ulichonipa wewe."

Kilikuwa cha miwani, cha miaka mitatu nyuma. Mama Tochi alimtibu kile kidonda wiki tatu. Kikapona, kikaacha kovu juu ya mboni. Jicho lile sasa liliona ukungu tu.

Karani wake akafungua kompyuta. Swali la Bwana Kope lilikuwepo: Ijumaa, saa tisa na nusu.

"Mama, nikiufuta ujumbe huu nani atajua? Tunasema haukufika. Jamaa anafungiwa duka, tunapumua."

"Usiguse."

Akavuka barabara. Bwana Kope alimpokea kwa mikono miwili. "Daktari wangu! Mimi si nilikuuliza? Kimya nacho ni jibu."

"Cheti cha miwani, tena kimekwisha muda! Hukuona?"

"Mimi nauza wanja, mama. Wa kuona ni wewe."

Alirudi akaandika malalamiko kwa baraza linalosimamia sheria hiyo. Fomu ilikuwa na mstari mmoja uliomkaba: Je, daktari aliulizwa, na alijibu? Kalamu ilikaa hapo hadi chai ikapoa. Akiandika "sikuulizwa", duka linafungwa. Akaandika: niliulizwa, sikujibu. Kisha akaambatisha maswali mengine kumi na moja ya duka lile, yote ya Ijumaa, akidhani mwenye macho ataona.

Baraza lilijibu baada ya miezi miwili. Muuzaji alifuata utaratibu. Madaktari wanakumbushwa kujibu kwa wakati.

Fundi alikuja siku ya pili yake, na binti.

"Haya, dada, wamemfungia?"

"Hawajamfungia."

"Kwa nini? Wewe si ulishuhudia?"

"Alituuliza kabla hajauza. Sikujibu. Kwao nisipojibu nimekubali."

Fundi alimtazama kama mtu aliyekatiwa kitambaa upande usio wake. "Ulikuwa wapi?"

"Hospitali. Nawatibu watu macho."

"Na huyu wangu si mtu?"

 Mama Tochi angeweza kusema kwamba sheria ni mbovu, na ni mbovu kweli. Angeweza kusema kwamba angedanganya, duka lingefungwa.

"Makoti yako yako tayari," fundi alisema. "Mtume karani ayachukue. Usije mwenyewe."

Binti akanyoosha mkono ashike kitasa, akakipita kwa upana wa kidole. Mama yake akamfungulia mlango.