Kaka Mussa wa Mazingira ametuacha

Bado siamini. Nimepigiwa simu asubuhi hii nikiwa jikoni, nikauliza mara tatu: "Mussa yupi? Mussa wetu wa Mazingira?"

Ndiye.

Vijana hamkumjua. Miaka ya tisini alikuwa afisa mazingira Nachingwea, kisha Ruangwa. Mimi nilikuwa mchapaji wake. Rasimu yake ya sheria ndogo za kuvipa vijiji misitu yao niliichapa mpaka nikaikariri.

Field, huko vijijini, alikwenda kwa baiskeli. Anarudi kajaa vumbi mpaka kope, anacheka: "Dada Asha, leo wamekubali!"

Na kweli walikubali. Watu wa kijiji kimoja upande wa Narung'ombe waliacha kukata miti yao ya mninga kwa sababu Mussa aliwaomba. "Subirini sheria ipite, msitu utakuwa wenu."

Wakasubiri.

Sheria ikalala kwenye mafaili. Kilichopita ni kibali cha mfanyabiashara wa mbao, kimesainiwa na watu ambao hata njia ya kule hawaijui. Kiangazi kimoja tu, jamani! Malori yakafuatana mpaka msitu ukaisha.

Mussa aliandika barua, akazifuata mwenyewe mkoani. Akajibiwa, "Bwana mdogo, tulia, usije ukaharibu kazi yako."

Angeweza kutulia. Yeye akarudi kijijini kuomba radhi, nami nikaenda naye.

Bibi mmoja alisimama kati ya visiki. Hakupaza sauti. "Mwanangu, sisi ulitukataza, tukakusikia. Wale mbona hukuwakataza?"

Mussa akageuza baiskeli, tukarudi.

Haikupita muda, uhamisho wake ukaja. Makao makuu, kitengo cha sera. Miaka ya elfu mbili akanitumia kijitabu cha sera ya misitu chenye jalada la kijani. Jina lake halimo, ila maneno niliyatambua, ni yale yale ya rasimu niliyoichapa. Mazuri sana. Wakati huo kule Narung'ombe ilikuwa imebaki nyasi.

Alistaafu akarudi Nachingwea, akaanza kuumwa. Wiki iliyopita nilimpelekea uji. Akanishika mkono: "Asha, kuna hata mti mmoja uliosimama kwa sababu yangu?"

Nikajifanya natafuta kijiko.

Nisamehe, kaka. Nilitafuta jibu kweli, nikalikosa. Kukudanganya nilishindwa.

Tunakuzika leo saa kumi. Wanao wananiuliza baba yao alifanya kazi gani miaka yote ile, na mimi nalia tu.

Lala, Mussa. Lala salama, kaka yangu.