Gari Alilolitaka Penina

Matonya aliendesha magari ya serikali miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alibaki na nyumba ya vyumba vitatu huko Nkuhungu, na sikio la kutambua injini inayodanganya. Watu wa Dodoma wanaotaka kununua magari yaliyotumika humwita ayakague kwanza. Siku asipoitwa, jioni humkuta hajazungumza na mtu zaidi ya muuza maziwa.

Mwezi Juni simu iliita. Alikuwa Penina, mwanawe wa pekee, mfamasia huko Arusha. Hawakuwa wamezungumza tangu mazishi ya mama yake Penina, Loisi, miaka miwili nyuma. Siku Loisi alipokata roho, Matonya alikuwa Mtera na wageni wa wizara, mahali ambapo simu haishiki. Penina alimpigia mara kumi na saba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, kuna gari nimeliona mtandaoni, liko hapo Dodoma. Unaweza kuniangalizia? Likiwa zima nitakuja mwenyewe kulichukua. Nitalala siku mbili."

Siku hiyohiyo, kabla hata ya kuliona gari, Matonya alifua mashuka ya chumba cha pili.

Muuzaji aliitwa Bashiri, mtu wa Kondoa mwenye maneno matamu. Gari lenyewe lilikuwa la kifahari, dogo, lililoinuka kidogo kutoka ardhini, la aina ambayo siku hizi mabosi wa maofisini wanaipenda. Rangi ya kijivu, paa la kioo, viti vya ngozi vyenye kitufe cha kuvipasha joto.

"Viti vya kupasha joto, Dodoma hii?"

"Mzee wangu, hicho usikibonyeze tu," Bashiri alicheka.

Matonya akaondoka nalo peke yake kuelekea Hombolo. Alipoweka begi la spana kwenye kiti cha abiria, gari likaanza kulia, likitaka abiria afunge mkanda. Akalifunga begi mkanda. Injini ilikuwa ndogo lakini yenye pumzi. Kila alipokanyaga mafuta malori yalibaki nyuma kana kwamba yameegeshwa. Breki zilishika bila kuyumba. Ndani palikuwa kimya hadi akajisikia anavyopumua. Kwenye vumbi springi zilikuwa ngumu, na tumbo la gari liligusa tuta mara moja. Buti lingemeza magunia mawili ya mpunga, basi. Lakini kwa mtu wa lami, hilo lilikuwa gari. Na bei yake ilikuwa chini ya wenzake. Chini mno.

Bei ndiyo iliyomsimamisha kando ya mashamba ya zabibu. Akainua kapeti chini ya kiti cha dereva. Reli ya kiti ilikuwa na kutu, na kwenye pembe zisizofikiwa na brashi kulikuwa na tope lililokauka, laini kama unga. Akavuta mkanda hadi mwisho, akaona alama ya maji. Gari lilikuwa limewahi kuzama. Nyaya zingeoza moja moja: leo taa, kesho gia boksi.

Alikaa muda mrefu, mlango ukiwa wazi. Angeweza kusema ni zima. Penina angekuja, angelala siku mbili. Kisha akamwona kichwani amezimikiwa na gari porini, mtoto wake kiti cha nyuma, anapiga simu isiyopokelewa.

"Usilinunue," alimwambia Penina kwa simu. "Lilizama hili."

"Una hakika, baba?"

"Nina hakika."

"Basi asante, umeniokoa. Nitatafuta hukuhuku Arusha."

"Unaweza kuja hata bila gari."

"Tutaona, baba. Kazi zimebana."

Matonya alirudisha ufunguo, akamweleza Bashiri alichokiona. Bashiri aliapa kwamba hakujua, lakini tangu siku hiyo hakumruhusu tena kukagua gari lake lolote. Kitanda cha chumba cha pili kilibaki kimetandikwa.

Septemba ikaja picha: Penina, bintiye Jenifa, na gari jingine, jeupe. Matonya aliikuza kwa vidole. Akamtazama mjukuu aliyeng'oka meno ya mbele, akamtazama binti yake ambaye sasa alifanana na Loisi, kisha mazoea yakampeleka kwenye matairi.

"La mbele kushoto limelika upande," aliandika. "Lipeleke likaangaliwe."

Jibu lilikuja baada ya saa mbili.

"Sawa baba."

Akalisoma, akaiweka simu mezani karibu na sahani, akaendelea kula.