Vidude Vilivyovaa Sare

Miaka ile bandari ilikuwa inashusha kila kitu. Mzee wa Kihindu aliyetukodishia chumba cha baridi pale Mchafukoge, sisi wakaanga samaki wa Kariakoo, akaletewa vidude vya kupima baridi visivyo na waya. Vilibandikwa ukutani, kila kimoja kikimpa jirani yake habari mpaka zifike kwenye kisanduku cha mlangoni. Joto likizidi, kisanduku kinapiga kelele, jenereta linawashwa. Kisipopiga, dizeli haiguswi.

Siku ya kwanza fundi aliyevifunga alichomoa betri ya kidude cha katikati. Kisanduku hakikushtuka.

"Jirani mmoja akifa, habari inapitia kwa mwingine," akasema.

"Na jirani akiwa mwongo?" nikamuuliza.

"Wenzake watamsuta, dada."

Nilitembea na jibu hilo siku nzima. Hata ukoo wetu hauna utaratibu huo.

Kisha asubuhi moja umeme ulikuwa umekatika tangu usiku. Nilifika na mtoto mgongoni, nikabonyeza samaki wangu, kidole kikazama. Mtaji wangu wote ulikuwa mle ndani.

"Shikamoo, mzee. Washa jenereta."

"Marahaba. Kisanduku bado hakijalia, mama. Vyote vinasema baridi iko."

"Vina vidole hivyo? Njoo ubonyeze!"

"Kimoja kinaweza kukosea. Vyote?"

Nilitaka kumtukana, lakini swali lake likanikamata. Kweli, vyote vinakoseaje pamoja? Nikapapasa kimoja. Kilikuwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani, pamoja na sponji ya kufungia, kama rimoti ya sebuleni isiyovuliwa mpaka ichakae. Na cha pili hivyo hivyo. Na cha tatu. Mzee alikuwa anavikinga na unyevu! Kumbe vilikuwa vinapima baridi ya jana iliyobaki kwenye sponji, na kwa kuwa vyote vilivaa sare, hakukuwa na wa kumsuta mwenzake.

Nikachana nailoni kwa meno. Moja, nyingine, nyingine. Mara kisanduku kikapiga kelele mpaka mwanangu akaangua kilio.

"Unaharibu mali mpya!"

"Mpya yako inaniozeshea yangu!"

Jenereta likawashwa. Samaki wa chini walipona. Wa juu walikuwa wameshalegea, nikawakaanga siku ile ile huku nikifoka peke yangu.

Wiki iliyofuata nilikuta vidude vyote uchi. Kisanduku cha mlangoni bado kilikuwa na nailoni yake. Nikakiacha. Chenyewe kazi yake kelele tu, na kelele nilishazisikia.