Vyura Watatu wa Nashipai

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, ukungu wa mlima Meru umeshuka mpaka kwenye migomba, nami nimesimama mlangoni kwetu nikimtazama Nashipai akija amekumbatia chungu kipana kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Tulikuwa wasichana wa miaka kumi au kumi na mmoja. Siku hizo hakuna aliyetuhesabia. Ninachojua ni kwamba ulikuwa wakati wa Mjerumani, na kwamba Nashipai alikuwa rafiki yangu kuliko wote. Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu nimeyanyamazia muda mrefu mno, na mzee akilinyamazia kosa lake, kijana hulirudia akidhani ni jipya.

Ndani ya chungu kile mlikuwa na vyura watatu wadogo, wale wa nchi kavu wenye ngozi ya vipelevipele. Hakuna aliyezidi kidole changu gumba. Usicheke. Baba yake Nashipai alikuwa amechukuliwa, kama wanaume wengi wa upande wetu wa mlima, kwenda kufanya kazi ya lazima. Alipelekwa kuchimba msingi wa nyumba ya mlowezi mmoja karibu na mto Themi. Siku moja akaruhusiwa kuja kutazama watu wake, na kwa kuwa hakuwa na kitu cha kumletea mwanawe, aliwaokota vyura hao kwenye udongo wa msingi, akawatia katika kibuyu chenye majani mabichi. Nashipai alifurahi kuliko kama angeletewa shanga. Baba akarudi kazini, na hatukumwona tena. Homa ilimshika huko huko, na habari zilitufikia akiwa ameshazikwa. Basi unaelewa kwa nini alikibeba chungu kile namna ile. Kilikuwa na kitu cha mwisho alichopewa na mkono wa baba yake.

Asubuhi hiyo mama yake alikuwa akienda kumwuguza bibi yao kule Usa, mwendo wa kutwa kwa miguu, na Nashipai ilikuwa lazima afuatane naye. Wangekaa siku nane, pengine kumi.

"Naserian," akaniambia, "nakuachia wewe. Sina mwingine ninayemwamini."

Akaanza kunifundisha. Alijua, kwa maana alikuwa amewatunza miezi kadhaa, na mwanzoni alikosea akajifunza. "Udongo usikauke, lakini usiwe tope. Nyunyizia maji ya mfereji, kidogo tu. Hiki kigae nilichokiinamisha ndiyo nyumba yao, wanajificha humo mchana, usikiondoe. Maji yao ni haya ya kwenye kigae kidogo, yasizidi kina cha ukucha, wasije wakashindwa kutoka. Chungu kikae kivulini, na ufunike kwa ungo. Wape mchwa na wadudu walio hai, jua likishaanza kupoa. Na usiwashikeshike, na tena mikono yako..."

"Najua, najua!" nilimkatiza. "Chura naye ni kitu cha kufundishwa?"

Alinitazama, akatabasamu kidogo. Mama yake alikuwa akimwita njiani. Maneno yale aliyobakiza juu ya mikono yangu hakuyamaliza, nami sikumwambia amalize. Kuuliza si ujinga, wahenga wamesema. Ujinga wenyewe ni kuzuia kuambiwa.

Siku tatu za kwanza nilifuata yote. Nilichimbua mchwa nyuma ya zizi, nikawaona wakidaka kwa ulimi, upesi kuliko kope. Niliwapenda. Alikuwamo mmoja mdogo kuliko wenzake, aliyepungukiwa kidole cha mguu wa mbele. Nashipai alimwita Osoit, yaani jiwe, kwa sababu akiguswa hujikunja akatulia kama kokoto. Nilizoea kumwita naye akawa kama ananisikia. Lakini mwanangu, mapenzi yasiyo na maarifa yana hatari yake. Siku ya nne baridi ilizidi. Nikatazama udongo ule mweusi, majani yaliyooza, nikajiambia: Nashipai ni mchafu. Anawalaza vyura wake kwenye uchafu na baridi. Akirudi ataona mimi nimewatunza kumshinda.

Nikawatoa. Nikamwaga udongo wote, nikakisugua chungu kwa majivu na magadi mpaka kikang'aa. Nikawarudisha kwa mikono ile ile yenye magadi, nikawatilia maji mpaka nusu ya chungu, kisha nikakipeleka uani kwenye jua lililokuwa ndiyo kwanza limetoboa ukungu, wapate joto. Nilijiona mwema sana. Nikaenda kutafuta kuni na wenzangu, na njiani nikajisifu kwao.

Niliporudi, wawili walikuwa wanaelea. Osoit alikuwa bado hai, amejibana ukutani mwa chungu. Nikamtoa, nikamlaza kwenye jani la mgomba, nikamwita. Alikufa mkononi mwangu.

Bibi yangu, Koko wetu, alinikuta nimechutama pale. Alikinusa chungu, akajua. Hakunipiga. Alikaa chini karibu nami akasema, "Chura hanywi kwa mdomo kama wewe, mjukuu wangu. Hunywa kwa ngozi. Chochote unachomgusisha, umemnywesha. Leo umewanywesha magadi."

"Sikujua, Koko."

"Hukujua. Hilo si kosa la kufa nalo. Nashipai akija, mwambie hivyo hivyo: sikujua."

"Atanichukia."

"Atalia. Kulia si kuchukia. Mwambie siku hiyo hiyo, kabla hujakaa. Neno la namna hii likilala, kesho huwa zito."

Nilimwitikia, lakini kwa mdomo tu. Kesho yake nilishuka mferejini, nikazunguka kwenye nyasi mbichi mpaka nikapata vyura watatu wanaolingana na wale. Nikarudisha udongo wa migombani, majani, kigae kilichoinama, maji ya kina cha ukucha. Sasa nilifanya kila kitu sawasawa! Koko aliniona. Akatikisa kichwa. "Mimi sitamwambia," akasema. "Mdomo ni wako."

Nashipai alirudi siku ya tisa, miguu imejaa vumbi. Kabla hata ya kunywa maji alifunua ungo, akakiinua kigae. Aliwatazama kwa muda. Nilimwona akiinama zaidi, akitazama miguu ya yule mdogo. Kisha akainua uso.

"Naserian, walikula vizuri?"

"Walikula vizuri."

"Hakuna aliyeugua?"

"Hakuna."

"Ni wao hawa?"

"Ni wao. Kwani umesahau vyura wako?"

Akafunika ungo taratibu. "Asante kwa kunitunzia," akasema, akabeba chungu chake akaenda.

Nikashusha pumzi. Nilidhani nimepona! Lakini tangu siku hiyo kitu kilipungua kati yetu. Hatukugombana. Tulichota maji pamoja, tulitafuta kuni pamoja, ila mara nyingi nilimkuta ananitazama kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Wale vyura wageni aliwatunza hadi mvua zilipoanza, akawaachia mferejini. Nilipomwuliza sababu, alisema nao wana kwao.

Baadaye kidogo mama yake aliamua kuhamia Usa kwa kaka zake. Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza Nashipai mpaka kwenye kivuko cha kijito. Alisimama hapo, mzigo kichwani, mama yake amekwisha tangulia.

"Huna neno la kuniambia?" akaniuliza.

Mwanangu, lilikuwa hapa, kooni. Nikasema, "Neno gani? Nenda salama."

Akaenda.

Miaka ikapita. Nikaolewa, nikazaa. Vita vya Wazungu vikaja, na Wajerumani wakaondoka mlimani wakiwa wamechoka. Kwa muda wote huo, kila nilipowakanya wanangu wasiseme uongo, nilijisikia vibaya. Hatimaye nilimfunga mtoto mgongoni, nikabeba kibuyu cha maziwa, nikashika njia ya Usa. Njiani nilijifunza maneno nitakayomwambia. Nilikuwa nayaongea kwa sauti kama mwenda wazimu.

Nilimkuta mama yake akianika mahindi. Niliinamisha kichwa akanigusa utosini, kama ilivyo desturi yetu, nikamwita Yeyo, yaani mama, nikamwuliza Nashipai kaolewa wapi. Alinikalisha kwanza. Akanieleza kwamba Nashipai alifariki mwaka uliopita akijifungua, yeye na mtoto wake.

Nililia, kisha nikamwambia mama yule yote, toka magadi hadi kivuko. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Alijua siku ile ile. Alikuja nyumbani akaniambia, 'Yeyo, Osoit amekufa.' Nilitaka kuja kwenu niulize. Akanizuia. Alisema, 'Mwache. Ataniambia mwenyewe, ni rafiki yangu.' Hata hapa Usa, mgeni akitoka kwenu, alikuwa akiuliza kama una ujumbe."

Majuto ni mjukuu, watu husema. Mimi huyo mjukuu amenikalia mapajani maisha yangu yote. Nashipai hakuwa akisubiri vyura wafufuke. Alisubiri sentensi moja, nami nilikuwa nayo, nikamnyima kwa miaka ili nionekane mtu anayeaminika.

Kwa hiyo nisikilize. Ukitaka kufuga kiumbe, hata kiwe kidogo kiasi gani, kwanza tazama kule kilikotoka na jinsi kinavyoishi, umwulize aliyekutangulia, na umwache aseme mpaka mwisho. Usikipe unachokipenda wewe, kipe kinachohitaji chenyewe. Utakosea tu, anayeanza hukosea. Lakini siku utakapoharibu amana ya mwenzio, usikimbilie kutafuta cha kufanana nayo. Mwendee na mikono mitupu, umwambie, "Nimeharibu, sikujua, nisamehe." Mficha uchi hazai. Na usijidanganye kwamba muda upo. Wewe na yule unayepaswa kumwomba msamaha hamjui nani atatangulia.

Haya, mwanangu, inuka uende. Mungu akupe moyo usioona haya kukiri, na rafiki anayejua kusubiri, wala usimsubirishe. Uzae, ukuze, uzeeke. Na siku utakapolala mara ya mwisho, usiwe na neno la mtu kooni.